Anaota

3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umeanza kukutii na magongo hujayatupa kwa kiburi, maana nakujua. Mimi ni mzima. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu tumzike mama. Nikidondosha sindano naisikia mpaka jikoni.

Sasa kaa vizuri nikuchekeshe. Nina mtoto wa mbwa. Mteja wangu mmoja, yule mama wa mapazia, alikuja kuchukua kazi yake akaacha kikapu mezani. Nikamkimbilia mpaka barabarani, "Mama, umesahau kikapu!" Akasema hakusahau, ni zawadi, nyumba ya mtu mmoja haifai. Ana miezi mitatu na nusu, rangi ya chai ya maziwa, na masikio bado hayajaamua kama yasimame au yalale. Namwita Bwana Mkubwa, kwa sababu siku ya kwanza tu alipanda kiti cha mama bila kuomba ruhusa ya mtu.

Shida ni meno. Anatafuna kila kitu. Futi yangu ya kupimia ameibakiza inchi ishirini na tatu, na kandambili zangu sasa zote ni za kushoto. Jana nimekuta tone la damu kwenye kola ya sare ya shule, kumbe limetoka kwenye fizi zake. Wewe ndiye mtu wa meno kwenye ukoo huu. Najua unatengeneza ya binadamu, lakini meno ni meno. Nifanyeje?

Andika, usiniambie nipige simu. Masikio yako yameshaliwa na mashine ya kusagia. Mara ya mwisho nilikwambia nina homa ukaniuliza ngoma ya nani.

Mdogo wako,
Kibogoyo


9 Machi

Kibogoyo,

Marahaba. Mguu una vyuma sita na daktari anasema niendelee na magongo mpaka katikati ya mwaka. Nimerudi kazini, nakaa kwenye stuli ndefu na kuchonga meno ya watu. Wenzangu wananiletea chai kama mgonjwa. Sijakataa.

Kuhusu Bwana Mkubwa, kwanza acha kumfokea. Hana kiranga, anaota meno. Mtoto wa mbwa ana meno ishirini na nane ya utotoni. Yote yanang'oka kabla hajafika miezi saba, na mahali pake yanaota arobaini na mawili. Wewe ulipong'oka manne kwa wiki moja, darasa la kwanza, ulilia mpaka nikakupa hilo jina. Mhurumie mwenzako.

Chukua kitambaa kizito, kiloweshe, kisokote kama kamba, kigandishe kwenye friji. Akivamia mguu wa meza sema "hapana" mara moja, kwa sauti ya kawaida, halafu mpe kitambaa. Akikitafuna, msifu kama amefaulu mtihani. Karoti nzima ya baridi inafaa. Mfupa uliopikwa usimpe, unapasuka vipande vyenye ncha. Na kila unachokipenda kiinue kutoka sakafuni.

Jambo moja zaidi. Yale meno ya mama, una hakika amekwenda nayo? Sikuweza kuja kumzika na hilo limenikaa kooni. Angalau ile kazi ya mikono yangu iwe naye. Unakumbuka alivyogoma mpaka nikamwekea mwanya wake, na lile chonge la kushoto lililogeukia ndani? Wateja wote wanataka meno yaliyonyooka. Mama peke yake alitaka yale yale aliyoyapoteza.

Kaka yako


30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kitambaa cha friji kimefanya kazi! Nimevisokota sita, kimoja kikiyeyuka natoa kingine. Bwana Mkubwa akisikia mlango wa friji anakuja mbio, makalio yakimtangulia. Meza imepona. Ameanza kung'oka meno, nayaokota sakafuni katikati ya vifungo. Nakutumia manne kwenye bahasha hii uyaone, madogo kama punje za mchele lakini yanachoma!

Meno ya mama yamekwenda naye. Nilimkabidhi mwenyewe Nesi wetu wa jirani, siku ile alipomwandaa. Usijisumbue tena.

Siku hizi naamka saa kumi alfajiri kuwahi sare, kwa hiyo baada ya chakula cha mchana nalala kuanzia saa saba mpaka saa tisa. Nalala fofofo. Zamani sikuwa hivi.

Kibogoyo wako


6 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka niwe na hakika kabla ya kuandika.

Bwana Mkubwa ana miezi karibu sita. Meno ya mbele yameota yote, na machonge. Kwa wiki tatu hakugusa kitu kisicho chake. Halafu nikaamka mchana mmoja nikakuta ukingo wa meza ya cherehani umetafunwa. Sikumfokea, nilifuata ulivyosema. Siku mbili baadaye, mgongo wa kiti cha mama. Wiki iliyopita, fremu ya dirisha la chumba chake.

Kaka, fremu ile inanifika kifuani. Nimemsimamisha Bwana Mkubwa kwa miguu ya nyuma nikampima kwa futi. Hafiki. Chini ya dirisha hakuna kiti wala sanduku. Na yeye nikiamka namkuta amelala mlangoni, ametulia kama mtoto aliyeshiba.

Nesi anasema mbwa wadogo wanaruka kuliko tunavyodhani. Yupo njiani kwenda kwa binti yake aliyejifungua, atakaa huko mwezi mzima, kwa hiyo sina hata wa kushauriana naye. Anaruka, sawa, lakini anarukaje na kung'ata kwa mpangilio, alama moja kando ya nyingine?

Halafu nina taya linaniuma, nadhani ni upepo. Asubuhi halina neno, linaanza jioni.

Kibogoyo


11 Mei

Mdogo wangu,

Usijitie hofu kwa kitu kinachoweza kupimwa. Ndani ya bahasha hii kuna vipande vitatu vya nta ya waridi. Ndiyo tunayompa mteja aing'ate ili tujue meno yake yanakutanaje. Ipashe kidogo mkononi, uizungushe kwenye ukingo wa dirisha palipotafunwa, uende ukalale zako. Ikipata alama, itoe polepole, iweke kwenye maji baridi, uifunge kwa pamba unitumie. Nitaimiminia plasta, ikiganda nitapata sanamu ya meno yenyewe. Plasta haijui kudanganya.

Usimpige mbwa kabla ya majibu.

Kaka yako


19 Mei

Kaka,

Nimefanya ulivyosema. Siku tatu za kwanza hakuna. Siku ya nne nimeamka nimekuta alama. Sikuiangalia sana, nimeifunga haraka. Bwana Mkubwa alikuwa anatikisa mkia, lakini si kwangu. Alikuwa anaangalia kiti.

Niambie ukweli, kaka. Nitauamini wowote utakaoniambia.

Kibogoyo


25 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Nta imefika salama. Nimeiangalia vizuri. Ni mbwa tu. Meno mapya yanakaa vibaya mwanzoni, na mbwa wa aina hiyo wanaruka sana. Funga mlango wa chumba cha mama na uendelee na kazi zako. Kula vitu laini mpaka taya lipone.

Usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Kaka yako


25 Mei

Mama Nesi,

Shikamoo. Ni mimi, yule wa meno, mtoto wa marehemu jirani yako. Natumaini barua hii utaikuta mlangoni ukirudi kwa binti yako, na hongera kwa mjukuu.

Mdogo wangu amenitumia alama za meno zilizong'atwa kwenye nta, dirishani kwa mama, wakati yeye amelala. Nimezimiminia plasta na nimeibandua peke yangu, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Ni meno sita ya juu ya mbele. Katikati kuna mwanya. Chonge la kushoto limegeukia ndani. Nililigeuza mimi, kwa mikono hii, na nilifanya mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mama alisema bado limenyooka mno. Kwa miaka thelathini sijapata kuona kinywa kingine kama hicho.

Nimemwandikia kwamba ni mbwa. Ningemwambiaje, mtu anayeishi peke yake? Kwamba aliyezikwa Februari anatafuna madirisha?

Nakuomba mambo mawili. Kwanza, uniambie kama kweli ulipewa yale meno siku ya kumwandaa mama. Pili, nenda ukakae naye anapolala mchana, bila kumwambia sababu, uniandikie utakachokiona.

Mwanao,
Fundi Meno


2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia mwandiko.

Bwana Mkubwa ameniuma. Jumapili mchana nimeamka mkono wa kulia una alama, juu kidogo ya kifundo, na damu imeganda. Yeye alikuwa ananilamba pale pale. Nilimsukuma akagonga ukuta na hakulia, aliniangalia tu.

Nimekwenda zahanati, wamenidunga sindano ya kichaa cha mbwa, bado nne. Daktari wa mifugo amekuja kumwona. Ameuliza kama mbwa amewahi kutafuna mahali pasipo pake, nikamwonyesha meza na dirisha. Akauliza kama nina hakika ni yeye. Nikamwambia nina kaka bingwa wa meno na amethibitisha kwa plasta. Nilimwonyesha barua yako. Akasema mbwa anayemng'ata bwana wake usingizini, katika umri huo, harekebishiki, na kwa usalama wa majirani atakuja Jumamosi asubuhi na sindano.

Nimelia sana. Nilitaka kumtetea lakini sikuwa na la kusema, wewe ndiye unayejua. Kama ungekuwa na shaka hata chembe ungesema, sivyo?

Nimeweka karatasi juu ya kidonda nikachora alama zake kwa chaki ya kushonea, ili uwe nazo. Nimeiambatanisha.

Kibogoyo


5 Juni, kwa barua ya haraka

MDOGO WANGU, USIMUUE MBWA.

Nilidanganya. Si yeye. Mchoro wako nimeuweka juu ya plasta na umelingana, mwanya kwa mwanya. Mbwa hana mwanya wa namna hiyo. Ni meno ya mama, yale niliyoyatengeneza. Nilijua tangu tarehe ishirini na tano, nikakuficha kwa sababu nilikuonea huruma, na huruma hiyo ilikuwa ya kipumbavu.

Nimemtuma karani wetu apige mara tatu simu ya lile duka lililo karibu na kwako. Inaita tu, hakuna anayepokea. Kama mguu ungenikubali ningekuwa njiani.

Mrudishe daktari. Mwambie kaka yako ni mwongo. Na kama unajua meno hayo yaliko, niambie, sitakukasirikia.

Kaka


8 Juni

Kaka,

Barua yako imefika leo Jumatatu, saa nne asubuhi. Bwana Mkubwa amekwenda Jumamosi.

Daktari alikuwa mpole. Alimfungua mdomo kabla ya kumdunga, akaniita nione. Akahesabu kwa kidole, juu ishirini, chini ishirini na mawili. "Amemaliza kuota jana au juzi," akasema, "kazi nzuri umefanya, hakuna hata moja lililopinda." Nilimshika kichwa. Alidhani namtafutia kitambaa cha friji, akawa anapanua kinywa. Mpaka usingizi unamchukua alikuwa amepanua kinywa.

Sikulaumu, kaka. Hapana, nakulaumu. Nimefuta mara tatu neno hilo na limerudi, basi libaki.

Na mimi nina langu. Sikumpa Nesi yale meno. Aliniomba siku ile nikamwambia yamepotea, halafu nikakudanganya wewe. Niliyaweka kwenye kopo la vifungo. Sikuweza, kaka. Sauti imekwenda, nguo zimeanza kunuka sabuni, lakini ukifungua kopo lile unamwona mama anacheka. Nilikuwa nayaangalia asubuhi kabla ya kuwasha cherehani.

Baada ya kusoma barua yako nimefungua kopo. Yalikuwa yameloa.

Kwa hiyo nimeelewa, wala huna haja ya kunipunguzia. Hakuna anayeingia humu. Ni mimi. Nalala, naamka bila kuamka, nayavaa juu ya yangu. Taya langu ni dogo kuliko lake, ndiyo maana linauma. Nilijing'ata mwenyewe, nikamuua aliyekuwa ananilamba kidonda.

Nesi amerudi jana. Nimempa kopo akalifungie kabatini kwake, na ufunguo abaki nao. Ameahidi kuja kukaa nami mchana. Nadhani yataishia hapo.

Kibogoyo


12 Juni

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Barua yako niliikuta mlangoni, imechelewa kusomwa na hilo linaniuma. Nitakueleza kama nilivyokuwa naandika ripoti wodini, bila kutia chumvi.

Meno yapo kwangu, kwenye kabati, ufunguo umefungwa kwenye khanga yangu. Nimeyaangalia kabla ya kwenda na baada ya kurudi. Hayajatoka.

Jana nilikwenda kwa mdogo wako saa sita na nusu. Tumekula, amelala saa saba kitandani kwake. Mimi nilikaa kwenye kiti cha kawaida, kile cha mama yenu sikukigusa. Saa saba na dakika ishirini alinyanyuka. Macho yamefunguka, lakini hayaangalii. Alikwenda jikoni, akachukua taulo dogo, akalilowesha, akalizungushia kidole cha shahada. Nilimfuata nyuma kama nilivyofundishwa, bila kumwamsha.

Alizunguka vyumba vyote ameinama, mkono ukiwa chini kwenye kimo cha mbwa, anasema, "Fungua mdomo, mwanangu. Fungua." Fundi, wewe ulikuwa shuleni mchana, hukuwahi kuona. Mimi nimeona, nilikuwa nakuja kuomba chumvi na sukari huku nikiangalia. Hivyo ndivyo mama yenu alivyomsugua fizi huyu huyu mdogo wako alipokuwa mchanga anaota. Kwa maneno hayo hayo, na sauti ilikuwa ile ile. Nimekaa na mama yenu ukuta kwa ukuta miaka arobaini, sauti yake siwezi kuikosea.

Alifika kwenye meza, akang'ata ukingo kwa meno yake mwenyewe, taratibu, kisha akageuka chini akasema, "Hivi. Uma hivi, itapoa." Ndipo nilipolielewa lile jeraha la mkononi mwake. Alikuwa amempa mtoto mkono auume, na mtoto hakuuma, basi akamwonyesha.

Alipokosa wa kumsugua akaja kwangu. Nimefungua vinywa vya watu miaka thelathini, sikujua kwamba na mimi nitafungua wangu kwa kuambiwa tu. Akapitisha kidole kwenye fizi zangu, kitaulo kina baridi, akatikisa kichwa. "Siye," akasema. "Wewe yako yameshakwenda." Ningekuwa mahali pengine ningecheka.

Nikamwuliza, kwa upole, "Unamtafuta nani, jirani?"

"Anayeota."

"Mbwa hayupo tena, jirani."

Akanitazama kwa mara ya kwanza, sawasawa machoni. Akajigusa kifua, akagonga mara mbili kwa kidole kile kilichofungwa taulo. "Huyu hapa ndiye anayeota," akasema. "Msimwamshe. Akiamka mimi niende wapi?"

Akarudi kitandani akajifunika.

Aliamka saa tisa kamili, akajinyoosha, akasema leo amelala vizuri na taya haliumi. Akanicheka kwamba nimekaa wima kama mtu aliye kwenye foleni. Halafu akaona kifua cha gauni lake kimelowa. Akauliza, "Nesi, nimefanya kitu?"

Alikuwa ananitazama kama unavyomjua anavyotazama. Nikamwambia hakufanya kitu, ni mimi nimemwaga maji nilipokuwa nampitia na bilauri. Akaniamini papo hapo. Akaenda kuwasha cherehani huku anaimba.

Kwa hiyo na mimi nimeshamdanganya, Fundi, na kwa huruma ile ile yako. Pakia magongo yako kwenye basi lolote uje, kwa sababu hapa hakuna tena mtu ambaye mtoto huyu akimwuliza ataambiwa kweli.

Mama yako,
Nesi